Kupiga kambi bure kando ya ziwa: sawa, lakini choo nani ataosha?

Kila ikikaribia wikendi ndefu, kwa magrupu ya watu wa safari hapa Nairobi mjadala unakuanga ule ule: mbona tulipe geti, tulipe hema, tulipe parking, ndio tulale kando ya ziwa la umma, na Marekani watu wanabeba hema yao wanalala kwa maji bila kulipa kitu? Mi hili swali nalichukulia kwa uzito juu wenye wanauliza ni watu wa kuchanga fare ya matatu mpaka Naivasha, si watu wa kubuki hoteli, na ukijumlisha kiingilio na kuni na boti ya kuzunguka kidogo, pesa imeisha kabla hata hujaagiza samaki.

Hiyo ya Marekani kwanza tuielewe vizuri. Ni kweli, kwa misitu ya taifa na ardhi iliyo chini ya Bureau of Land Management, yaani idara ya serikali yao ya kusimamia ardhi ya umma, sehemu nyingi unaruhusiwa kulala bure, na kuna maziwa ya mabwawa ya serikali yenye yako na sehemu za kambi za bure kabisa kando ya maji, hakuna bomba, hakuna stima, mara nyingi hata choo hakuna. Lakini iko na masharti. Kwa kawaida ni siku 14 halafu unahama, taka yako unarudi nayo, na kama hakuna choo unachimba shimo la sentimita 15 hadi 20, kama mita 60 kutoka kwa maji. Tena hiyo Bureau peke yake inasimamia karibu ekari milioni 245, na Kenya nzima, jangwa na milima ikiwemo, haifiki ekari milioni 150. Watu wanatawanyika mpaka hamuonani. Na hata hiyo bure kuna mwenye analipia, renja wa kupita hapo analipwa na kodi.

Sasa leta hiyo Naivasha. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 62, inaweka maziwa kwa ardhi ya umma. Lakini jaribu kufika kwa hayo maji bila kupitia geti ya mtu: shamba la maua, hoteli, konsavansi, boma la mtu, shamba la maua tena, halafu katikati hapo unapata sehemu chache za umma kama Karagita na Kamere. Hapa ndio naona wenye wanataka kambi ya bure wako na hoja nzito kabisa. Ziwa ni la wote kwa karatasi, ufuo ni wa mwenye geti, na mtoto wa Kayole anaweza kumaliza shule hajawahi kulala nje aone nyota, na Naivasha ni safari ya masaa mawili tu.

Lakini pia ebu pita bichi ya umma Jumatatu asubuhi baada ya wikendi kama hiyo. Makaa ya jiko yamemwagwa kwa nyasi, chupa imevunjwa kwa mawe penye watoto wanapita miguu mitupu, waipsi zimenasa kwa matete na ukiziona unajua zilitumika kufanya nini. Na hapo hapo wavuvi wanatoa nyavu, na mtu mwingine amekuja na mitungi kuteka maji ya kutumia nyumbani. Sheria ya kukataza plastiki za kutumia mara moja kwa hifadhi, misitu na bichi iko tangu Juni 2020, sawa, lakini kwa hifadhi kuna askari wa kuangalia bag yako kwa geti, kwa bichi ya umma saa tano usiku ni nani ataangalia?

Na hiyo mambo ya kuchimba shimo mita 60 kutoka kwa maji, kwa maziwa ya Bonde la Ufa haishiki. 2020 Naivasha ilipanda mpaka watu wa mtaa wa Kihoto hapo kando wakahama nyumba zao, Baringo ikameza hoteli na shule. Penye umechimba mwaka huu kunaweza kuwa ndani ya ziwa mwaka ujao, na kila kitu umezika hapo kimeingia kwa maji ya watu.

Halafu kuna kiboko. Usiku anatoka kwa maji kula nyasi, anafuata njia yake ile ile ya kila siku, na hatari kubwa ni kujipata katikati yake na ziwa. Sasa mahali pazuri pa kuweka hema, penye nyasi ni fupi na ni tambarare karibu na maji, ndio hapo hapo kwake pa kula. Zile kambi za kulipia mingi zimeweka waya wa stima na askari wa usiku, na hiyo ni sehemu kubwa ya pesa unalipa, si uroho tu. Kwa wasichana wenye wanaenda wenyewe huyo askari si kitu kidogo hata kidogo, wacha tuseme ukweli.

Mfano wenye unanisaidia zaidi si Marekani, ni Scotland. Sheria yao ya 2003 inampa kila mtu haki ya kupiga kambi kwa ardhi nyingi bila kulipa, bora awe mstaarabu. Kuna ziwa lao, Loch Lomond, liko karibu na jiji la Glasgow, wikendi watu wakajazana kwa ufuo ule ule, taka, miti kukatwa, moto kila mahali. Hawakufunga ziwa. 2017 wakaongeza maeneo yenye, kutoka Machi hadi Septemba, lazima uwe na kibali cha kulala, na kilianza kwa pauni 3. Kwingine haki ikabaki. Hapo unaona pauni 3 haiwezi kuzuia mtu, kitu kilibadilika ni kwamba idadi ya hema inajulikana na mahali panajulikana.

Kwa hivyo mi niko upande wa bure, lakini si bure ya holela. Kaunti ichague sehemu mbili tatu, mbali na njia za kiboko, idadi ya hema iwekwe, mtu abuki na simu, choo kijengwe juu kabisa penye maji hayafiki, na BMU, yaani kamati ya wavuvi wa hapo, wawe na nguvu ya kusema leo pamejaa. Choo kilipiwe na kaunti juu ziwa ni la umma. Na kaunti ikisema haina pesa, mi ningekubali watu walipe kitu kidogo kwa hao BMU kuliko kuacha mama wa samaki aoshe uchafu wa wageni kila Jumatatu.

Najua kuna wenye watasema hiyo ni geti ingine tu tumeongeza. Sioni hivo, bora risiti ya hiyo pesa ionekane, na mtu mwenye hana kitu mfukoni aendelee kuingia mchana bure, akae kwa nyasi, aondoke saa kumi na mbili bila kuulizwa.