Treni Kupanda Meli

Mi mtoto wa Kigamboni bwana, pantoni naijua, magari, bajaji, mikokoteni ya nazi, mama muuza samaki anakusukuma na ndoo. Ila treni kuingia kwenye meli hiyo nimeiona Italia tu, pale Villa San Giovanni, natoka Roma naenda Palermo, kisiwani Sicilia, kwa shemeji.

Nilianzia Munich, huko behewani salamu hakuna, nimesema guten Morgen mtu akavuta begi lake karibu. Kuipita Napoli tu mambo yakageuka, bibi mmoja wa Sicilia kanipa mkate, kanipa jibini, kanionesha wajukuu wote kwenye simu, na mi nikamuonesha picha ya shemeji atakayenipokea. Kitaliano changu kinaishia ciao lakini stori tulipiga mpaka Calabria.

Sasa bandarini treni inakatwa vipande, mabehewa yanasukumwa tumboni mwa meli kwenye reli zilizolala sambamba, giza, vyuma vinagongana. Kuvuka kwenyewe ni kama nusu saa tu, kinachokula muda ni huko kukata na kuunga. Watu wakapanda juu kununua arancini, madonge ya wali yenye nyama ya kusaga na njegere ndani yamekaangwa yakawa mekundu, mafuta yanachuruzika mpaka kiwiko. Nikala, nikaongeza, nikapiga na selfi.

Kushuka mabehewa yote yanafanana. Nikakaa siti yenye namba yangu, bibi simuoni nikajua yuko chooni, nikalala. Kumbe nusu ya treni inaenda Palermo nusu Siracusa, na ndoa yao inavunjika Messina, hapo hapo bandari ya kushukia! Naamka bahari iko kushoto, kulia kuna mlima unafuka moshi. Etna. Etna na njia ya Palermo wapi na wapi?

Mkagua tiketi akaiangalia tiketi, akaniangalia mimi, akamwita mwenzake naye aje ashangae. Behewa zima likaitisha kikao, huyu anasema shuka Catania, yule hapana, wakaanza kugombana kwa mikono na mwenye shida hata sijaulizwa.

Nikiwa Catania stendi nasubiri basi, simu ikaita.

"Shem, uko hai? Kuna bibi hapa stesheni kanishikilia, ana begi lako, analia, anasema umedondoka baharini."

Nikamwambia niko Catania. Akamgeukia bibi kumweleza. Kimya kidogo, halafu yakaporomoka maneno marefu ya Kitaliano ambayo hata bila mkalimani nilijua natukanwa.