Kinachosumbua Jirani ni Mbwa Kulala, si Mbwa Kuoshwa

Desemba ikifika na Nairobi ianze kumwagikia ushago, magrupu ya WhatsApp ya mitaa yanajaa swali moja, nani anajua mahali poa pa kuacha mbwa wiki mbili tatu. Januari grupu hizo hizo zinawaka moto: nani aliwaruhusu hawa watu kufungua hoteli ya mbwa katikati ya nyumba zetu? Na mara nyingi ukweli ni kwamba hakuna aliyeruhusu na hakuna aliyekataza. Mtu alikodi nyumba yenye kiwanja kikubwa, akajenga vibanda vya mabati nyuma, akafungua ukurasa wa Instagram, basi, biashara ikaanza.

Mimi nafuga mbwa, niseme hilo mapema msije mkadhani ni wale wanaochukia wanyama. Na pia naishi ukuta kwa ukuta na nyumba moja iliyogeuka kuwa bweni la mbwa, kwa hiyo pande zote mbili nazijua.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba Katiba yetu ya 2010 iliwaza hii mambo kitambo. Fungua Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti, utaona kaunti imepewa udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo kutoa leseni za mbwa na kusimamia mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika. Hata kuzika! Kwenye orodha hiyo hiyo kaunti imepewa pia kelele na kero nyingine za umma, leseni za biashara, na mipango ya ardhi. Yaani kila kitu kinachohitajika kupanga biashara ya mbwa kiko kwa mkono wa gavana mmoja, hakuna cha kusema ni kazi ya serikali kuu. Lakini ukienda kwa zile zoni za Nairobi unapata zimewaza nyumba ya familia moja, apatimenti, maduka, ofisi, viwanda, na mbwa amebaki mtu wa kati, si mfugo kama ng'ombe wala si mteja kama wa saluni.

Sasa watu wengi wanaofungua hizi biashara wanadhani wakilipia leseni ya kaunti, ile iliyounganishwa kuwa moja 2023, wamemaliza. Hapana bana. Leseni ya biashara inakuruhusu kufanya biashara, haibadilishi matumizi ya ploti. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019 inataka uombe ruhusa kabla ya kugeuza nyumba ya kuishi kuwa kitu kingine, na ukianza bila ruhusa faini inaweza kufika shilingi 500,000 au jela miezi miwili, au vyote pamoja. Ndio maana unaona yale matangazo madogo madogo ya gazeti na vibao kwenye mageti, mwenye ploti namba fulani anaomba kubadilisha kutoka nyumba ya familia moja kuwa nyumba za ghorofa, au ofisi, au shule, mwenye pingamizi alete kwa kaunti ndani ya siku 14. Nimesoma mengi hayo maana nina huo ugonjwa wa kusoma kila kibao kilicho getini, na sijaona hata kimoja kilichoandikwa mbwa. Labda macho yangu, lakini bweni za mbwa nazo nimeziona nyingi tu.

Hoja yangu ni hii. Shida inaanza pale tunapochukua biashara zote za mbwa tukazitia kapu moja, halafu tukabaki na majibu mawili, fukuza zote au fumbia zote macho. Mbwa anayekuja kuoshwa saa nne akarudi kwao saa saba, na mbwa anayelala pale siku kumi, hao ni majirani wawili tofauti kabisa. Sheria ya kaunti iulize swali moja kwanza kabla ya mengine yote: huyu mnyama analala hapa?

Kama mnyama halali hapo usiku, mnaogopa nini? Ingia saluni yoyote ya mbwa uone kazi yenyewe. Kuna Japanese Spitz (wako kila mahali Nairobi siku hizi) amesimama kwa meza amefungwa kamba shingoni, anachanwa manyoya yaliyosokotana nyuma ya masikio, kupe wanatolewa mmoja mmoja wanatiwa kwa kikopo chenye dawa, halafu anaingia kwa sinki la maji ya vuguvugu, halafu draya. Draya ndio ina kelele kuliko mbwa mwenyewe. Kinachotoka pale ni nywele, maji ya shampuu na mbwa anayenukia. Kwa hiyo muulize mwenye saluni mambo mawili, nywele zinashikwa na nini kabla hazijaingia kwa drenaji, na hayo maji yanaenda wapi. Swali la maji si mchezo, maana sehemu kubwa ya Karen na Runda hakuna laini ya maji taka, ni tangi la septiki, na ukiosha mbwa kutwa nzima hilo tangi linajaa haraka, lori la kunyonya linakuwa mgeni wa kila wiki. Lakini ukiweka saluni hiyo kwenye shopping senta yenye sewa, kati ya kinyozi na duka la nyama (sawa, mbali kidogo na duka la nyama), haina tofauti na kinyozi. Ipewe ruhusa kama kinyozi, bila hizo siku 14 za pingamizi, bila kuzungushwa.

Usiku ndio hadithi nyingine. Mbwa aliyeachwa na mwenyewe hana habari kwamba umeenda Kisumu kwa harusi, yeye anajua tu kwamba hii si nyumba yake na harufu ya huyu aliye upande wa pili haijui. Kwa jirani yangu huanza mmoja, sauti nyembamba ya kulia, si ya kubweka, mnaweza hata kudhani ni mtoto. Wa pili anajibu. Halafu geti la mtu wa tatu linagonga huko barabarani na sasa ni bendi nzima chini ya mabati, na mabati hayo yanapokea sauti yanaitupa upya kwako. Askari anapiga kelele nyamazeni! na hiyo inaongeza tu.

Kanuni za kelele za 2009 zinasema eneo la makazi, nje, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku kwa mujibu wao unaanza saa mbili na dakika moja. 35 ni utulivu wa maktaba. Mbwa mmoja akibweka karibu nawe anapita 80 bila jasho, na banda lililojaa linaweza kufika 100. Ukiishika hiyo namba kavu kavu basi hata mbwa wangu mmoja ni mhalifu, na ndio maana hakuna mtu anayeitumia, afisa anajua akianza hataisha mtaa. Namba hiyo haitusaidii kupanga lolote. Kinachosaidia ni vitu vya ujenzi vinavyoweza kukaguliwa mchana na mtu mwenye futi mkononi: banda liko umbali gani na ukuta wa jirani, linaangalia upande gani, ni jiwe au ni bati tupu, lina dari, mbwa wanaonana uso kwa uso usiku au kuna kizuizi, na kuna mtu anayelala hapo hapo au ni askari wa geti tu. Mbwa wakiwa ndani ya kuta za mawe, na giza, na hawaonani, wengi wao wanalala. Nimeona mahali Kiambu wamefanya hivyo na ukisimama barabarani usiku huwezi kujua kama kuna mbwa.

Uingereza, upande wa England, wana kanuni za leseni za tangu Oktoba 2018, na angalia walivyogawa: bweni la mbwa, bweni la paka, mtu anayelaza mbwa nyumbani kwake, na wale wa kutunza mbwa mchana, wote wanahitaji leseni ya halmashauri, wanakaguliwa na kupewa nyota moja hadi tano. Saluni za kuosha na kunyoa haziko kwa hiyo orodha. Na leseni hiyo haikuondolei ruhusa ya mipango miji, ni mlango mwingine. Sisemi tukopi kila kitu, wao hata mchana wameushika mimi ningeuachilia kidogo, lakini mstari kati ya kulaza na kuosha wameuona.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa mipango hawalitaji kabisa na kwetu lipo. Nenda South C au Eastleigh, au shuka Mombasa, jirani yako ni Muislamu, na kwake mate ya mbwa ni najisi. Hapo shida yake si kelele peke yake, ni maji ya kuoshea banda yanayopita chini ya ukuta hadi uani kwake anapoanika nguo, ni mbwa anayemtokea uso kwa uso kwenye kijia cha kwenda msikitini alfajiri. Huyo hachukii biashara ya mtu. Ukimwekea drenaji inayobaki ndani ya ploti yako na mlango wa mbwa upande wa barabara kubwa, umemaliza nusu ya ugomvi. (Paka hana kesi. Sijasikia mtu akilalamikia bweni la paka, na huko Lamu ungechekwa tu ukisema unalipia paka alale.)

Halafu kuna wanaosema tuweke tu idadi, mbwa watano basi. Inapendeza kwa karatasi. Ila German Shepherd wawili waliochoka na upweke watakukosesha usingizi kuliko wazee wanane wa Labrador, na mwenye bweni atakuandikia watano kwa fomu halafu Desemba unakuta ishirini. Idadi iwekwe, lakini ifuate ukubwa wa banda lililokaguliwa, na rejista iwepo yenye cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa cha kila mgeni. Hapo sibembelezi. Ugonjwa huu ulithibitishwa Kenya mara ya kwanza 1912 kwa mbwa wa pembeni mwa Nairobi hii hii na bado unaua watu nchini. Bweni ndilo mahali mbwa wa mitaa kumi wanakutana na wanaweza kuumana, asiye na cheti asipite geti.

Na tukikaza Nairobi peke yake tunajua kitakachotokea, maana kimeshaanza. Mto Mbagathi ukiuvuka uko Rongai, Kajiado, kaunti nyingine, ada nyingine, maafisa wengine, na ploti bado ziko na nafasi. Wenye mabweni wanahamia huko na Ruiru na Kitengela, si kwa sababu huko kumepangwa bali kwa sababu jirani bado hajajenga. Akijenga, ataanza kuuliza nani aliruhusu. Kajiado na Kiambu wana bahati ya kuandika masharti sasa, wakati ukuta wa jirani bado ni michongoma, mwenye bweni ajue tangu mwanzo banda lake liwe mita ngapi kutoka mpakani, na anayenunua ploti ya pembeni aonyeshwe hicho kibali kabla hajalipa dipoziti.