Meli Niliyoifuata Butiaba

Mimi hufundisha Kiswahili mjini Arua, na kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba Uganda, ijapokuwa haina bahari, inayo meli yake iliyozama: Robert Coryndon, iliyobeba abiria na mizigo katika Ziwa Albert mpaka mafuriko ya miaka ya 1960 yalipoiharibu bandari ya Butiaba. Kwa hiyo, Desemba iliyopita, nilipokuwa nikienda kuwasalimu wakwe zangu Hoima, niliiacha njia ya basi ya Karuma, nikavuka kwa kivuko kutoka Panyimur hadi Wanseko, ili nipitie Butiaba nipigwe picha mbele ya mabaki hayo. Kwa heshima ya wakwe, nilikuwa nimevaa suruali nyeupe.

Butiaba, niseme kweli, ni mji ambao mtu huumaliza kabla soda yake haijaisha: nyumba za mabati, mbuzi, nyavu zilizotandazwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo iliyofifia kama moshi. Hata mwandishi Ernest Hemingway hakufika hapa kwa kupenda. Januari 1954 aliletwa kwa mashua baada ya ndege yake kuanguka karibu na maporomoko ya Murchison, na ndege ya pili, iliyokuja kumchukua, ikashika moto ikijaribu kuruka papo hapo Butiaba, hata magazeti yakatangaza kifo chake naye yu hai. Habari hizo nilizijua. Nilidhani zinamhusu Hemingway peke yake.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alikubali kunipeleka kwa shilingi 5,000. Tulitembea juani karibu nusu saa, kisha akasimama, akanyoosha fimbo kuelekea majini, akasema, "Ndipo hapo." Nikatazama. Palikuwa na maji, na ndege mmoja mweupe.

"Mzee, meli iko wapi?"

"Watu wa vyuma chakavu waliikata vipande vipande, wakaenda nayo. Siku nyingi."

"Sasa mbona umechukua pesa yangu?"

"Kijana," akanijibu kwa upole, nami nina miaka 52, "uliniuliza meli ilizama wapi. Hukuniuliza kama ipo."

Kwa mwalimu wa sarufi hilo lilikuwa pigo, kwa maana wakati uliopita nilikuwa nimeutumia mimi mwenyewe.

Hata hivyo, sikutaka kurudi mikono mitupu. Nilimkabidhi mzee simu anipige picha na hayo maji, naye, kama wapiga picha wote duniani, akaniambia nirudi nyuma kidogo, halafu kidogo tena, halafu kidogo tena. Hatua ya nne ilitua juu ya kitu laini kilichoteleza. Nikaenda chini kwa makalio, katikati ya muziri, wale dagaa wadogo wa Ziwa Albert, waliokuwa wameanikwa juu ya wavu kuukuu. Na kila nilipojitahidi kuinuka, mguu ulinasa kwenye matundu nikawaangukia wengine ambao hapo awali walikuwa salama.

Mwenye dagaa alitokea akikimbia, beseni mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Kongo, tofauti kabisa na kile cha vitabu vyangu, lakini namhakikishia msomaji kwamba sikuhitaji kamusi. Alipotulia, alipima kwa beseni lile wote niliowaponda, pamoja na baadhi ambao nina hakika sikuwagusa, akadai shilingi 30,000. Mzee, ambaye nilitarajia anitetee, alisema bei ni nzuri.

Ndivyo nilivyopanda gari la Hoima nikiwa na mfuko wa dagaa waliopondeka na suruali yenye rangi ya ziwa. Mpaka tunafika Biiso, juu ya mlima, abiria watatu walikuwa wamehamia viti vya nyuma, na madirisha yote yalikuwa wazi.

Mama mkwe aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akashukuru sana, wala hakuuliza kuhusu suruali. Jioni tulikula muziri kwa karanga, kimya, mchanga ukilia menoni mwa kila mtu. Alipomaliza kunawa, ndipo alipomwambia mke wangu, kwa sauti ya kutosha mimi kuisikia chumba cha pili: "Mwambie mkwe wangu ahsante. Ila safari nyingine awanunue kwanza, ndipo awakanyage."