Kabla hujafurahia saini tatu kati ya tano, uliza nani anazishika

Siku hizi kila kampuni ya kripto inajitangaza kwamba hela za wateja ziko salama kwa sababu ufunguo, yaani ile namba ndefu ya siri inayoruhusu hela kutoka, umegawanywa kwa watu kadhaa, mara saini tatu kati ya tano (hela haitoki mpaka watatu kati ya watano wasaini), mara tano kati ya tisa, na watu wakisikia hizo namba wanatulia. Mi situlii. Namba peke yake hainiambii kitu mpaka nijue hao watano ni kina nani, wanalipwa na nani, na mmoja akibanwa leo usiku hao wengine wanaweza kukataa au la.

Chukua Ronin, ule mtandao uliokuwa unabeba hela za wachezaji wa gemu la Axie Infinity. Kwenye makaratasi ulikuwa safi kabisa, wathibitishaji tisa, yaani wenye funguo za kuidhinisha miamala, na hela haitoki mpaka watano wasaini. Sasa ukiingia ndani unakuta wanne kati ya hao tisa wako chini ya Sky Mavis, yaani kampuni ileile iliyotengeneza gemu, na wa tano ni Axie DAO, umoja wa wadau wa gemu hilo, ambao Novemba 2021 waliwaruhusu Sky Mavis wawasainie maana watumiaji walikuwa wamezidi, mpango ukaisha Disemba ila ruhusa hakuna aliyeifuta. Machi 2022 wadukuzi wakaingia kwenye hiyo kampuni moja na wakajikuta na saini zote tano wanazohitaji. Zikatoka ether 173,600 (sarafu ya mtandao wa Ethereum) na USDC milioni 25.5 (sarafu inayofuata thamani ya dola), zaidi ya dola milioni 600 kwa bei ya siku walipotangaza, na walikuja kushtuka baada ya siku sita pale mtu alipotaka kutoa ether 5,000 ikagoma. Hesabu zinazolinda funguo hazikuvunjwa hata kidogo, kilichokosekana ni watu tisa wa kweli.

Multichain, kampuni iliyokuwa inahamisha kripto kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, ndo inaniuma zaidi. Hawa walikuwa na teknolojia ya juu, ile ambayo vipande vya ufunguo havikutani kabisa, kila seva inafanya hesabu yake na saini inatoka moja tu, na waliuza jina kwa sifa hiyo. Mwezi Mei 2023 polisi wa China wakamchukua bosi wao, Julai hela zaidi ya dola milioni 100 zikaanza kuhama, alafu kampuni yenyewe ikaja kueleza kwamba seva zote zilikuwa kwenye akaunti yake binafsi. Seva nyingi, akaunti moja, mtu mmoja! Na kuna watu waliweka akiba zao humo wakiamini hakuna mtu mmoja anayeweza kuzigusa.

Tuwe wa haki kwa wataalamu wa hesabu, wao kazi yao waliimaliza zamani. Adi Shamir alionyesha mwaka 1979 jinsi ya kugawa siri: kwenye karatasi, nukta moja inapitiwa na mistari isiyo na idadi, ila nukta mbili zinapitiwa na mstari mmoja tu, na siri ni pale mstari huo unapokata mhimili wa wima. Kila mtu anapewa nukta yake, wawili wakikutana siri inatoka, mmoja akiwa peke yake hajui chochote, hata kidogo. Hiyo ni tofauti kabisa na wale wanaokata katikati maneno yao 12, yale ya kurudishia ufunguo, sita kwa dada sita kwa kaka, maana hapo kila mmoja tayari ana nusu ya siri na mmoja akipoteza karatasi wote mmekwisha.

Lakini hata njia ya Shamir ina pale panaponitia hofu, siku ya kusaini vipande lazima virudi pamoja kwenye kifaa kimoja, na kifaa hicho kikiwa na virusi ndo basi. Ndo maana kwa familia au kikundi napendelea multisigi ya Bitcoin, yaani akaunti inayodai saini za watu kadhaa, kila mtu ana ufunguo wake kamili, anasaini kwenye kifaa chake akiwa kwake, na mtandao wenyewe unahesabu saini.

Na watu wetu hili wanalijua vizuri kuliko hizo kampuni. Kikundi cha hisa kikiendeshwa sawasawa, kisanduku kina kufuli tatu, funguo wanashika wanachama watatu tofauti, na anayelala na kisanduku hana ufunguo hata mmoja. Hakuna kikundi kitakachompa mwenyekiti funguo zote tatu eti kwa sababu ana haraka.

Kingine, kusaini sio kubonyeza. Februari 2025 Bybit, soko la kununua na kuuza kripto, walipoteza karibu dola bilioni 1.5 na wasaini wao walikuwa watu tofauti kweli, ila wote walitazama ukurasa uleule uliochezewa na kila mmoja akaidhinisha. Kama kifaa chako kinaonyesha kitu usichokielewa, usisaini, piga simu kwanza, hata kama wenzako wote wameshasaini.

Kwa wanaotaka kuanza, mbili kati ya tatu inatosha, na watatu hao wakae nyumba tofauti, ikiwezekana miji tofauti, sio mume na mke na mtoto wao chini ya paa moja. Kila mmoja atunze pia maelezo ya waleti nzima (pochi ya kripto), yaani funguo za wazi za wote watatu, zile zinazotambulisha kila mmoja bila kutoa siri yake, maana ufunguo mmoja ukipotea na maelezo hayo hamna, hizo mbili zilizobaki haziwezi kutoa hela, na hili wengi wanaligundua wameshachelewa. Jaribuni kutoa kiasi kidogo kwa kila jozi ya funguo kabla hamjaweka akiba. Na mmoja akifariki au akipotelea huko nje asipatikane, msikae mkijipa moyo kwamba bado mna mbili, tengenezeni waleti mpya yenye watu watatu wanaopatikana, hamisheni hela wiki hiyohiyo.