Marahaba iliyonitoka

Mimi nimezaliwa 1987, enzi za Mzee Ruksa, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe uone kama kuna uzee hapo. Jumapili nacheza mpira na vijana wa mtaani, japo siku hizi wananiweka golini tu na sababu hawasemi.

Sasa juzi kati nimepanda Kosta ya Rangi Tatu kwenda Gerezani, asubuhi ile ambayo watu wamebanana mpaka hujui mkono ulioshika bomba ni wako au wa jirani. Nimesimama zangu. Konda akaniangalia, akamgeukia denti mmoja aliyekaa: "We dogo, unamuona mzee kasimama na we umekaa?"

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mzee. Nilimtafuta kweli jamani, nilitaka nimpe njia apite. Nyuma yangu kulikuwa na dada kabeba ndoo ya vitumbua basi. Denti akasimama, begi kifuani, adabu zote alizofundishwa kwao: "Shikamoo baba, karibu ukae."

Nikajibu, "Poa."

Shikamoo inajibiwa poa? Gari zima likanigeukia, mama mmoja wa dirishani akasonya akasema mzee mzima ovyo. Na mimi kwa ubishi nikagoma kukaa, nikasema niko freshi. Basi kile kiti kikabaki wazi toka Zakhem mpaka Sabasaba, kwenye gari lililojaa namna ile, hakuna anayethubutu kukikalia kwa sababu eti ni cha mzee, mpaka suka alipokanyaga breki ghafla na mimi nikaenda kukidondokea mwenyewe, mzima mzima, na mgongo ukalia ko. Yule mama akasema "si ungekaa tu toka mwanzo baba". Kushuka ndo usiseme, konda anagonga bodi: "Suka tulia, mzee anashuka! Mguu wa kushoto mzee, kushoto, taratibu!"

Nimefika home namsimulia wife nikitegemea pole. Akanishika kidevu akakigeuza kwenye mwanga. "Hizi mvi za ndevu mi nilijua unazijua."

Sikuzijua! Na ukweli kuna dalili nilikuwa nazipuuza. Kuna ile miaka ambayo mkikutana na mtu hamjui nani amwamkie mwenzake, mnakwepana na "za saa hizi", kila mtu anaogopa kutoa shikamoo yake kizembe. Mimi nilidhani bado nipo huko, kumbe wenzangu walishaamua.

Kesho yake nikaingia Kariakoo kununua piko. Muuzaji kijana ananiambia "karibu mzee wangu", nikanunua mbili. Karatasi ya ndani imeandika upake kidogo kwanza nyuma ya sikio usubiri siku mbili uone kama ngozi inakubali, lakini mimi nina harusi kesho, siku mbili nazitoa wapi? Nikajipaka ndevu zote mpaka na zile za karibu na masikio. Usiku nimelala kijana, ndevu nyeusi tii, nimejipiga na selfi.

Asubuhi jicho moja halifunguki. Midomo imejaa, mashavu yameumuka kama andazi lililozidishiwa hamira. Mtoto wetu wa mwisho aliniona akarudi chumbani kwake.

Kufika zahanati, nesi ni binti mdogo tu, ananiangalia kwa huruma. "Shikamoo baba." Nikaitikia marahaba, nishachoka kubishana. "Una miaka mingapi?" Thelathini na nane. Akasita na kalamu, akamgeukia wife kwa sauti ya chini: "Dada, baba yako ana aleji na dawa yoyote?"

Nilitegemea mke wangu wa ndoa, niliyemtolea mahari, aseme neno hapo. Akakunja sura kabisa. "Hapana nesi, baba ni mbishi tu."

Nikachomwa sindano, nikaambiwa kuna kemikali kwenye piko ambayo ngozi za watu wengine haziitaki na nisiiguse tena maisha yangu yote, kisha nikakae kwenye benchi nusu saa waniangalie. Na kila anayepita ananiamkia. Mama lishe anayepitisha chai, shikamoo, marahaba. Watoto wa kliniki, shikamoo, marahaba hamjambo. Nikazoea, mdomo ukawa unajiitikia wenyewe hata kichwa hakijasikia.

Ndo akaja babu mmoja, kanzu, bakora, macho yana ukungu, sidhani kama ana chini ya themanini. Akapapasa benchi, akakaa pembeni yangu, akausogelea uso wangu akautazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo."

"Marahaba, hujambo?"

Ilishatoka. Benchi lote kimya, mama lishe kasimama na birika hewani. Nikawa nasubiri bakora.

"Sijambo baba," babu akajibu kwa unyenyekevu, "ila magoti tu."

Sasa ningesemaje? Nikamwambia pole, yatapona. Kicheko cha wife nilikuwa nakisikia toka nje kwenye foleni ya kadi.