Mnyama akishapata bei

Watafiti wa Kanada waliwahi kufuga pamoja kuku wa nyama wa mbegu za miaka tofauti, chakula kimoja, banda moja. Siku ya 56 wakawapima: wa mbegu ya 1957 alikuwa na gramu 905, wa 2005 gramu 4,202. Mfugaji ataita hayo maendeleo. Wanazuoni wa ikolojia ya kisiasa, wanaochunguza nani hufaidi na nani huumia viumbe wakigeuzwa mali, wanaona jambo jingine: soko halikumkuta kuku likampa bei tu. Limemuumba upya, hata miguu inalemewa na kifua.

Mwaka 2013 Rosemary-Claire Collard na Jessica Dempsey waliandika juu ya bidhaa ambazo thamani yake ni uhai wenyewe. Mfikirie kasuku wa kizimbani: ametengwa na kundi lake, kila punje anaipata mkononi mwa mtu. Asipofikishwa hapo hauziki. Hoja hiyo sina la kuipinga.

Ila ukiihamishia kwa vikunya, wanyama wa porini wa jamii ya ngamia wanaoishi milima ya Andes huko Amerika Kusini, inapwaya. Miaka ya 1960 walikuwa wamebaki karibu 10,000 au pungufu, wakiuawa kwa ajili ya manyoya yao. Leo wamepita 300,000. Marufuku ndiyo iliyowaokoa kwanza, kweli. Baadaye wanavijiji wakaruhusiwa kuuza manyoya ya mnyama aliye hai: watu hujipanga mstari mrefu, huwaswaga hadi zizini, hunyoa kama gramu 200, kisha huwaachia. Wakosoaji husema faida nono huishia kwa wauza nguo za kifahari. Sawa, lakini hilo ni shauri la kugawana bei. Halithibitishi kwamba bei yenyewe ndiyo dhambi, na maandishi mengi ya fani hii huyachanganya haya mawili.

Vifaru ndio wanaonitia mashaka zaidi. Pembe ikikatwa huota tena, na Afrika Kusini mfugaji mmoja alikusanya vifaru wapatao 2,000 akingojea biashara ya pembe, iliyopigwa marufuku, ifunguliwe. Mwaka 2017 mahakama iliruhusu biashara ya ndani, ya kimataifa ikabaki imefungwa, na gharama za ulinzi zikamshinda. Mwaka 2023 shirika la uhifadhi la African Parks liliwanunua wote, kwa mpango wa kuwatawanya hifadhini katika muda wa miaka 10.