Default Ni Nani?

Ofisini kwetu mimi ni afisa mikopo. Kukagua dhamana, kufuatilia marejesho, kukalishwa kwenye kigoda na mama anayekuapia kwamba mumewe kasafiri huku wewe unaona miguu ya mume chini ya pazia: hiyo ndiyo fani yangu. Ila mwaka 2017 karatasi ilikwama kwenye printa, nikaichomoa kwa kile kidude cha kashia cha kung'olea nyusi, na tangu siku hiyo nikawa pia "mtu wa kompyuta". Barua ya uteuzi sikupewa. Posho ndiyo kabisa.

Chama chetu cha akiba na mikopo kiko Morogoro, kina matawi machache kwenye barabara ya Dodoma. Meneja wetu, ambaye sote tunamwita Mama, anaandika kila kitu kwenye kalenda ya Outlook. Kila kitu kweli kweli. Mameneja wengine huandika "Kikao". Mama huandika "Kikao na mhasibu, aje na risiti za dizeli, asije na hadithi".

Jumanne moja akaniita. Mhazili mpya alikuwa akifungua kalenda yake anaona vipande vya buluu vimeandikwa "Busy" basi, nani wala nini hakuna. Juzi yake alimpangia mtu wa bima saa ileile Mama amefungiana ndani na mkaguzi. (Yale ya mtu kuambiwa saa tatu, naye akaingiza 3:00 na kutokea kikaoni alasiri, tulishayazoea, siyahesabu.)

"Mwanangu, mpe ruhusa aone. Na aandike pia, nimechoka kuandika mwenyewe. Mimi nina mgeni nje."

Akaniachia kiti chake. Sikuwahi kukikalia. Kumbe kinazunguka. Nikazunguka mara moja tu, nikaanza kazi.

Nikabofya kalenda kitufe cha kulia, nikaingia kwenye ukurasa wa ruhusa. Nikakuta majina mawili: Default na Anonymous. Default aliruhusiwa kujua kama Mama ana shughuli au hana, zaidi ya hapo hapana. Anonymous aliandikiwa None. Nikatafuta jina la mhazili nimwongeze. Halikuja. Nikaliandika kama lilivyokuwa kwenye kadi ya harusi, maana aliolewa Desemba na mchango nilitoa. Halikuja. Akaunti yake ilikuwa imefunguliwa kwa jina la baba yake, lakini hilo nililijua baada ya maji kumwagika.

Sasa naomba mnielewe kitaaluma. Kwenye mikopo, default si neno la mchezo. Default ni mtu aliyeshindwa. Alikopa, akashindwa kurejesha, mkopo ukawa chechefu, tukaanza kupeana salamu za kuviziana. Nikajiuliza, ofisini humu nani ameshindwa? Mhazili. Ameshindwa nini? Kufungua kalenda. Basi mashine imemtambua, imemweka kwenye fungu lake, inangoja mtu mwenye busara aje kumtoa. Nikamtoa. Nikashusha ile orodha ya ngazi, Reviewer nikaipita kwa sababu huyo husoma tu, nikamfanya Editor. Anonymous nikamwacha na None yake. Mtu hata hajulikani, umpe kalenda ya meneja? Mimi si mjinga.

Upande wa pili wa ukuta nikasikia kigelegele. Vipande vya buluu vimegeuka maneno. Saa nne mhazili akaniletea chai, chapati mbili na maharage, kwa pesa yake.

Wiki ya kwanza ilipita kimya. Kalenda ya mtu haikujii yenyewe, mpaka uiite. Aliyeiita ni kashia. Alikuwa akitafuta mwanya wa kuonana na Mama kuhusu likizo, akaweka jina la Mama kwenye mwaliko, na pale alipotarajia kukuta "Busy" akasoma: Ijumaa saa nne, "Likizo ya kashia, siku 14. Mkatalie."

Mwingine angelia. Kashia wetu ni mtu anayehesabu noti huku anakuangalia usoni. Aliifungua kalenda yenyewe, akaifungua ile miadi, akapeleka kishale mpaka mbele ya herufi k. Akafuta a na t. Akaandika u na b. Akahifadhi.

"Mkubalie."

Ijumaa saa nne Mama alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mhazili anasema alimsikia akinong'ona, "Kumbe nilishaamua," akasaini.

Kashia akaenda zake Tanga. Lakini kabla ya kupanda basi aliwaambia watu wawili, na ofisini kwetu ukiwaambia wawili umetangaza redioni. Kufika Jumatatu kalenda ya Mama ilikuwa gazeti. Watu waliokuwa wakisingizia foleni ya Msamvu kila asubuhi sasa walifika kabla ya mlinzi hajafungua geti. Na wala haikuwa na makubwa: fundi nguo, kamati ya harusi, dawa ya presha saa mbili usiku. Miadi moja tu ilikuwa na kikufuli, kila Alhamisi saa kumi, "Private Appointment", na hapo hata Editor anagonga ukuta. Kile kikufuli kilitutesa. Wahasibu walisema Mama anahamia benki. Sisi wa mikopo tulisema anajenga. Mzee dereva, anayempeleka kila Alhamisi, aliomba soda kwanza ndipo aseme. Amekunywa soda sita. Hajasema.

Kisha wakaanza kuandika. Mtu mmoja, nisingependa kumtaja kwa sababu ana mke na watoto wanaomtegemea na ndiye anayewasimulia, aliingiza Jumatano saa tano: "Kufikiria posho ya simu kwa maafisa mikopo." Na saa tano Mama alifunga mlango, akafikiria. Hakutoa, lakini alifikiria.

Kilichotuponza ni Dumila.

Mama alikuwa ameandika, Jumanne, "Dumila. Ziara ya kushtukiza. Asijue mtu." Alfajiri akaondoka na mzee dereva bila hata kumuaga mhazili. Yaliyotokea huko nimesimuliwa na dereva, na hili alilisema bila soda. Anasema walipokata kona tu waliona turubai. Chini ya turubai viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe. Wafanyakazi wote wa tawi wamejipanga mstari, mkuu wa tawi mbele ndani ya suti, jasho linamtiririka, ameshika shada. Harufu ya pilau mpaka barabarani. Na ukutani, kwenye karatasi tatu za manila zilizounganishwa kwa gundi, kwa wino mwekundu: KARIBU MAMA MENEJA KATIKA ZIARA YAKO YA KUSHTUKIZA.

Mama alipokea shada. Akala pilau. Akaomba kitabu cha wageni, akakuta jina lake limeshaandikwa, pamebaki sahihi tu. Akasaini. Njia nzima ya kurudi hakusema neno, na dereva anasema afadhali angetukana.

Kesho yake nikaitwa. Simu ilikuwa mezani, spika imefunguliwa, fundi aliyetuwekea barua pepe yuko Dar es Salaam, na kishale kwenye kioo cha Mama kilikuwa kinatembea chenyewe kama kina pepo. Kikaenda moja kwa moja kwenye ule ukurasa.

"Eeh," fundi akasema. "Default mmempa Editor?"

"Default ni nani?" Mama akauliza, na niliona peni yake iko tayari kuandika jina.

"Si mtu, mama yangu. Default ni kila mwenye akaunti hapo ofisini ambaye jina lake halipo kwenye orodha hii. Wote walikuwa wanasoma kalenda yako. Na wote walikuwa na kalamu."

Mama akanigeukia taratibu. Kile kiti kikazunguka naye.

"Nani alikuja kugusa hapa?"

Alijua. Mimi nilijua anajua. Lakini macho yangu yalikuwa yameganda kwenye kioo, na neno la kwanza lililokuwa mbele yangu ndilo lililonitoka.

"Anonymous, Mama."

Fundi alicheka mpaka spika ikakwaruza. Kazi yenyewe hata dakika tatu haikufika: Default akarudishwa kwenye kujua tu kama Mama ana shughuli, mhazili akatafutwa kwa jina la baba yake, akapatikana, akapewa Editor peke yake. Akaambiwa afunge Outlook afungue upya. Simu ikakatwa. Mama akaomba apigiwe kashia. Ya kashia haikupatikana. Kisha akavuta kibodi, akaanza kuandika kitu kwa vidole viwili, na kila akimaliza neno ananitazama, kama mchoraji.

Niliporudi mezani kwangu nikaifungua kalenda yake, ya mwisho, nikajiapia. Vipande vya buluu vitupu. Jumatatu saa tatu asubuhi palikuwa na kipya, kirefu, kimekula mpaka saa tano. "Busy."

Nikatoka mpaka kwa mama ntilie, nikanunua chapati mbili na maharage, nikazifunika vizuri, nikampelekea mhazili. Sikusema kitu. Akaelewa. Akafungua kalenda, akashuka mpaka Jumatatu, akasoma. Akaweka kiganja mdomoni. Akasoma tena, safari hii midomo inacheza.

"Kaka," akasema, akinirudishia sahani, "hizi kula mwenyewe."